Kusema na simu ukiwa kwenye usukani: mwongozo kwa madereva wa Malindi

Pale stendi maswali ni yale yale kila wiki. "Kaka, nifanyeje simu inisomee njia kwa sauti?" "Ami, mbona nikimwita mke wangu simu yampigia fundi?" "Hii redio yanena Kijapani, yazimwa wapi?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nikaona bora niyaweke yote pahali pamoja. Mimi naendesha gari la kukodi, Malindi hadi Mombasa na kurudi, na mara nyingine hadi Mokowe nikiwapeleka wageni wa Lamu. Mombasa ni kama kilomita 120, na njia nzima simu hailali.

Kabla ya hatua zenyewe, shika hili. Sauti inakuachia mikono na macho, lakini akili bado inafanya kazi mbili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani, wakishirikiana na wakfu wa usalama barabarani wa AAA, chama cha wenye magari cha huko, walipima madereva mwaka 2015. Waligundua kwamba kwa baadhi ya mifumo, akili ya dereva ilichukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani sawasawa baada ya amri kwisha. Sekunde 27 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni mita 600. Ni viwanja sita vya mpira vikipangwa kwa urefu, na wewe umevipita akili ikiwa nusu.

Mimi nilikuwa siamini. Siku moja natoka Gede narudi mjini, karibu na Msabaha, namwambia simu aandike ujumbe kwa mteja. Macho yako barabarani, mikono miwili kwenye usukani, sijaitazama simu hata mara moja. Simu ikausoma ujumbe, umekosewa jina. Nikaanza kulirekebisha. Mbele yangu kulikuwa na msichana amebeba mtungi wa manjano wa lita 20, anavuka. Nilimtazama. Nilimwona kabisa, hata ule mfuniko wa mtungi uliofungwa kwa karatasi ya nailoni niliuona. Lakini kule kuona hakukufika kwenye mguu. Ni abiria aliyepiga kelele ndipo nikakanyaga breki. Gari lilisimama hatua mbili kutoka kwake, mtungi umeanguka, maji yanatiririka hadi kwenye tairi langu. Tangu siku hiyo nimepanga upya namna ninavyotumia sauti garini, na ndiyo ninayokupa hapa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye chaji na waya unaoshika vizuri. Hewa yetu ya chumvi hula tundu la chaji taratibu. Likiwa na kutu ya kijani, mwone fundi kwanza.
- Redio ya gari yenye Bluetooth. Kama haina, ile modyuleta ya FM ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, inayorusha sauti ya simu hadi kwenye redio, inatosha.
- Kishikio cha simu. Paja si kishikio, wala si ule mfuko wa mlangoni.
- Bando, na ramani ya njia yako iliyokwisha kupakuliwa ndani ya simu.
- Nusu saa, gari likiwa limeegeshwa kivulini. Mwambie mtu akae nawe, atakusaidia kwenye majaribio.

Kama unaendesha tuktuk au bodaboda, nitakwambia wazi: usijisumbue na amri za sauti. Upepo na injini vitaifanya simu isikie nusu, nawe utaishia kupiga kelele na kuinama. Simama pembeni, piga simu, endelea.

Hatua ya 1: Safisha majina kwenye simu

Watu huiruka hatua hii, na ndiyo mzizi wa taabu nyingi. Simu yako ina Ali Fundi, Ali Mkwe, Ali wa Mambrui, Ali Mpya na Ali asiye na neno mbele yake. Ukisema "Ali" simu itakuuliza yupi. Utajibu. Haitasikia. Itakuuliza tena. Sasa umo kwenye mazungumzo ya nusu dakika na mashine huku lori limefunga njia mbele yako.

Chagua watu wasiozidi wanane unaowapigia kweli ukiwa njiani. Mpe kila mmoja jina la pekee, fupi, lisilofanana na la mwingine. Mke wangu ni "Nyumbani". Fundi ni "Gereji". Yule nahodha wa boti pale Mokowe ni "Boti". Majina kama Mwanakombo au Kahindi, wasaidizi wengi wa simu, yaani zile programu zinazosikiliza amri zako, huyavunjavunja kwa sababu hawakufunzwa kwa ulimi wetu. Neno la kawaida hulishika upesi zaidi. Jina kamili la mtu unaweza kuliandika sehemu ya maelezo, halitapotea.

Onyo: usimwite mtu kwa neno ambalo lenyewe ni amri. Rafiki yangu alimhifadhi mtu kwa jina "Stop". Kila akitaka kumpigia, simu inanyamaza.

Hatua ya 2: Unganisha simu na redio

1. Washa gari, liwe limesimama. Kwenye redio tafuta alama ya Bluetooth, bonyeza na ushikilie mpaka iwake-wake.
2. Kwenye simu ingia Mipangilio, washa Bluetooth, subiri jina la redio litokee.
3. Ligonge. Ikiulizwa namba ya siri, jaribu 0000, kisha 1234. Redio nyingi hutumia mojawapo.
4. Simu itauliza kama redio iruhusiwe kuona majina na simu zilizopigwa. Kubali kama gari ni lako. Kama ni la kukodi au la bosi, kataa, maana redio nyingine huyahifadhi majina hayo na dereva wa kesho atayakuta.
5. Futa simu zote za zamani zilizomo kwenye redio. Nimeshaona ujumbe wa mtu asiyehusika ukisomwa mbele ya abiria watano kwa sababu simu ya dereva wa jana ilikuwa imejiunga yenyewe.

Wa modyuleta: magari yetu mengi yametoka Japani, na kule FM huanzia 76. Redio nyingi zao hukomea 90. Modyuleta huanzia 87.5. Kwa hiyo mnakutana kati ya 87.5 na 90 tu. Tafuta hapo katikati pahali pasipo na stesheni yoyote.

Hatua ya 3: Weka simu mahali pake

Usiibandike kioo cha mbele katikati ya macho yako. Usiiweke juu ya dashibodi pia, kwa sababu ya jua. Apple wanasema iPhone itumike pahali pasipozidi nyuzi 35, na gari lililoegeshwa mchana hapa Malindi hupita hapo bila taabu. Simu ikipata joto hupunguza mwanga, huacha kuchaji, mwisho hujizima. Mahali pazuri ni mbele ya tundu la AC, upande wa katikati, chini kidogo ya usawa wa macho. Hapo inapoa, na kipaza sauti chake kiko karibu na mdomo wako.

Kaa kwenye kiti chako cha kawaida, funga mkanda, uitazame. Kama lazima ugeuze kichwa, isogeze. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, katika miongozo yake ya mwaka 2013, iliweka kipimo cha sekunde 2 kwa jicho kuiacha barabara mara moja. Kwa mwendo wa 50, ambao ndio kikomo cha mjini kwetu, sekunde 2 ni mita 28. Pale sokoni mita 28 zina watu, mikokoteni na tuktuk tatu.

Hatua ya 4: Chagua lugha, kisha jaribu mara tano

Fungua mipangilio ya msaidizi wa sauti wa simu yako, uangalie orodha ya lugha. Kiswahili kikiwemo, kichague. Kisipokuwemo, chagua Kiingereza na ujifunze amri zako kwa Kiingereza, maneno yale yale kila mara, bila kubadilisha. Usichanganye lugha mbili ndani ya amri moja. Hapo ndipo simu hupotea.

Usichanganye pia msaidizi na kibodi. Kibodi ya Google imekuwa ikiandika Kiswahili unachokitamka tangu 2017, na inaandika vizuri. Lakini hiyo ni ya kuandikia ujumbe gari likiwa limesimama, haiendeshi simu.

Sasa jaribu. Vioo vifungwe, AC iwe wazi, sema amri moja mara tano. Yule mtu wa pili ahesabu. Ikisikia mara tano kati ya tano, ihifadhi amri hiyo. Ikisikia mara nne, badilisha jina au neno. Ikisikia mara tatu, iache kabisa, usiitumie barabarani. Najua utaona nimekuwa mkali, lakini amri inayokosea mara moja kati ya tano ni mara moja kila safari ambapo utaanza kubishana na simu kwenye mwendo.

Rudia majaribio na vioo vikiwa wazi. Wakati wa kusi upepo unavuma ndani kwa nguvu, na utashangaa simu iliyokuwa ikikusikia vizuri imekuwa kiziwi.

Hatua ya 5: Baki na amri chache tu

Mimi nina tano, na sijapungukiwa:

- kupiga kwa mtu mmoja kati ya wale wanane
- kupokea simu
- kukata simu
- kunyamazisha sauti
- kuonyesha njia ya kurudi nyumbani

Kutafuta wimbo hakumo. Kutafuta hoteli hakumo. Kuandika ujumbe hakumo, na nitakueleza hapa chini. Ziandike amri zako kwenye karatasi, ziseme mpaka zitoke zenyewe, kisha itupe karatasi.

Hatua ya 6: Maliza kazi zote kabla ya kuingiza gia

Weka njia kwa kidole, gari limesimama. Usiiambie ramani "nipeleke Maweni" ukitegemea itajua ni Maweni ipi. Kwetu tunaelekezana kwa msikiti, kwa mwembe, kwa duka la fulani. Ramani haijui hayo. Muulize mteja akutumie alama ya mahali alipo kwa WhatsApp, iguse, hakikisha unaona barabara unayoijua, ndipo uanze. Kwa safari ya Lamu, pakua ramani yote mpaka Mokowe. Ukipita Garsen kuelekea Witu usitegemee mtandao.

Kisha:

1. Rekodi ujumbe wa sauti kwa anayekusubiri: unatoka saa ngapi, unatarajia kufika saa ngapi, na kwamba hutajibu ukiwa njiani. Ujumbe huo mmoja huondoa simu nusu nzima.
2. Washa hali ya Usinisumbue. Kwenye iPhone, tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, simu inaweza kujua kuwa uko kwenye mwendo na kumjibu mtu yenyewe kuwa unaendesha. Simu nyingi za Android zina kitu kama hicho. Kitafute ndani ya Mipangilio.
3. Zima kusomwa kwa ujumbe wa makundi ya WhatsApp. Kundi la arusi lenye watu 200 halina haja ya kusikika garini.
4. Weka sauti ya maelekezo ya njia juu kuliko ya muziki.

Hatua ya 7: Ukiwa barabarani

Angalia kwanza, ndipo useme. Mbele, kioo cha ndani, vioo vya pembeni. Kama kuna kitu chochote kinachosogea ndani ya mita mia moja kuelekea njia yako, nyamaza.

Sema mara moja. Ikisikia, vizuri. Isiposikia, iache. Hakuna mara ya pili mpaka usimame. Hii ndiyo kanuni iliyonibadilisha zaidi, kwa sababu hatari yenyewe iko kwenye kurekebisha. Simu ikikosea unapandwa na hasira kidogo, unataka kuishinda, na huyo msichana mwenye mtungi anakuwa picha tu kwenye kioo.

Baada ya amri kwisha, usijione umerudi. Punguza mwendo kidogo, hesabu pole pole mpaka thelathini, usifanye jambo lolote kubwa, wala kumpita mtu.

Simu ukiipokea, sema kwa ufupi: "Niko njiani, nikifika takupigia." Mteja akikasirika, atapoa. Habari za msiba, za deni au za ugomvi wa nyumbani usizipokee kwenye usukani. Hizo huchukua akili yote, hata kama mikono iko huru. Egesha, sikiliza kwa heshima inayostahili.

Kama una abiria mbele, yeye ndiye msaidizi bora. "Dada, nisaidie kumwambia yule wa boti tumefika Witu." Yeye anaiona barabara unayoiona. Ukikaribia ng'ombe atanyamaza mwenyewe, simu haitanyamaza.

Mahali pa kunyamaza kabisa

Kuna sehemu ambazo situmii sauti hata kwa amri ya kukata simu. Njia panda ya Gede, pale magari ya Watamu yanapoingia na bodaboda zinapogeuka ghafla. Mtwapa yote, saa yoyote. Daraja la Sabaki na kutoka hapo kuelekea Gongoni, kwa ajili ya malori ya chumvi. Kila penye matuta, kila penye shule, hasa saa sita na saa kumi jioni. Na usiku, nje ya mji, popote penye mifugo.

Na kwa wanaoniuliza kuhusu polisi: kwa kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo hutozwa shilingi 2,000. Ukiishika mkononi "kidogo tu" kumalizia kile ambacho sauti imeshindwa, umeshaingia humo.

Makosa ninayoyaona sana

Kusema kwa kelele. Simu haisikii zaidi kwa kelele, hukosea zaidi. Sema kama unavyosema na mtu aliyekaa kiti cha mbele.

Kuandika ujumbe kwa sauti. Ujumbe lazima usomwe, urekebishwe, uthibitishwe, utumwe: ni kazi nne. Kama ni wa haraka kiasi hicho, piga simu au simama.

Kununua redio kubwa ya Android yenye skrini kama televisheni, ukaiwekea video. Nimeingia magari ambayo dereva anatazama taarabu huku tunapita Mida. Sitapanda tena gari lake.

Ikikataa kufanya kazi

*Haisikii kabisa.* Angalia kama kava ya simu imeziba kitundu cha kipaza sauti chini ya simu. Mchanga na jasho pia hukiziba. Kisafishe kwa mswaki mkavu, usichome sindano.

*Yasikia, lakini sauti yatokea kwenye simu badala ya spika.* Kwenye mipangilio ya Bluetooth gonga jina la redio, hakikisha umeruhusu simu na muziki vyote viwili.

*Unayempigia anajisikia mwenyewe kama yuko pangoni.* Sauti ya spika inarudi kwenye kipaza sauti. Punguza sauti ya gari. Kwa modyuleta tatizo hili ni la kawaida. Isogeze simu mbali na spika ya mlangoni.

*Inaamka yenyewe redio ikiongea.* Zima kuamka kwa kuitwa, tumia kitufe. Magari mengi yana kitufe kwenye usukani chenye picha ya uso unaotoa sauti. Lakini kama redio ni ile ile iliyokuja na gari, jaribu kwanza: huenda kitufe hicho kinamwita msaidizi wa Kijapani.

*Redio yanena Kijapani.* Redio nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina lugha nyingine ndani yake, kwa hiyo usimlipe mtu anayeahidi kuibadilisha bila kukuonyesha gari alilowahi kufanya. Ama uivumilie na utumie modyuleta, ama uweke nyingine. Ile sauti ya mwanamke kila ukiwasha gari ni kitu kingine: ni kifaa cha kulipia barabara za kule, kinakwambia kadi haimo. Kiko chini ya dashibodi au juu karibu na kioo. Fundi wa umeme atakichomoa kwa dakika chache.

*Njia inasomwa, lakini majina hayaeleweki.* Hilo halina dawa. Ramani itatamka Kakuyuni kama jina la mtu wa mbali. Sikiliza masafa na kushoto au kulia tu. Majina unayajua mwenyewe.

*Simu imejizima kwa joto.* Usiitie kwenye maji baridi wala usiibandike kwenye tundu la AC ikiwa bado ya moto. Itoe kwenye kava, iweke kivulini chini ya kiti, iache dakika kumi. Ikiwa hujui njia bila ramani, zisubiri dakika hizo kumi ukiwa umeegesha nje ya lami, taa za dharura zikiwaka.